Picha yako ya yangeyange, na maoni yaliyokuchoma

"Nina miaka miwili nikipiga picha za ndege. Kikundi chetu hukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja analeta picha moja, inaoneshwa ukutani kwa projekta, kisha watu wanasema. Mwezi uliopita nilileta yangeyange akiwa na samaki mdomoni, picha niliyoisubiri asubuhi tatu mfululizo. Wengi walisema 'safi sana'. Mmoja akasema weupe umeungua, mguu umekatwa, ndege hana ukali (yaani hajatoka wazi), na kwamba nikanunue lenzi ya maana. Nilivunjika moyo, sijagusa kamera tangu siku ile. Tatizo lingine ni kwamba zamu yangu ya kusema juu ya picha za wenzangu ikifika, nabaki na 'nzuri' tu kwa kuogopa kuumiza mtu. Je, yule mkosoaji alikuwa sahihi? Nifanyeje nipokee bila kuumia, na nitoe bila kuumiza? Picha nimeiambatanisha."

Picha yako nimeitazama kabla ya kusoma barua yako, kwa makusudi. Nitakwambia nilichokiona, lakini hiyo nimeiweka mwisho, baada ya kukueleza njia ninayoitumia.

Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa fundo moja: kama yule bwana alisema kweli, namna ya kusikia maneno ya aina ile bila kuumia, na useme nini mbele ya picha ya mwenzako. Hilo la kati nalimaliza upesi: kuumia hakukwepeki. Mtu aliyelala kwenye umande asubuhi tatu lazima ashtuke picha yake ikiguswa. Mimi mwenyewe, na umri huu, tumbo hunikaza taa zikizimwa na picha yangu ikatokea ukutani. Kilichobadilika ni muda tu. Zamani nilikaa na kinyongo wiki nzima kabla ya kuyasikia maneno yenyewe, siku hizi ni nusu saa na kikombe cha chai.

Lakini ni vizuri ujue maumivu hayo yanatoka wapi, kwa sababu chanzo chake ndicho kinachofanya macho ya wengine yawe na thamani. Ukiitazama picha ile wewe huoni picha peke yake. Unaona ukungu ukipanda juu ya maji, unakumbuka miguu ilivyokufa ganzi, ndege alivyosimama kama kijiti hadi ukadhani amelala, halafu shingo ikafyatuka. Vyote hivyo vimegandana na picha kichwani mwako, wala huwezi kuvibandua. Mtazamaji hakuwepo. Amepewa mstatili wenye rangi, basi. Akisema "sioni jicho la ndege", hasemi kwamba asubuhi zako tatu zilikuwa za bure. Anakupa kitu ambacho wewe huwezi kukipata hata ukijitahidi vipi, yaani namna picha inavyoonekana kwa mtu asiyekuwa na kumbukumbu yako.

Niliwahi kulala kifudifudi kwenye tope nikimpiga picha chura mdogo wa kijani, mrembo kweli kweli. Miezi sita niliihesabu kuwa picha yangu bora. Siku nilipoionesha, mama mmoja ambaye hajawahi kushika kamera aliuliza, "Hilo jani la njano ni la mti gani?" Jani lenyewe lilikuwa nyuma ya chura, limepigwa na jua, ndicho kitu chenye mwanga mwingi kuliko vyote katika fremu. Jicho la binadamu hukimbilia penye mwanga, penye ukali na penye macho. Chura wangu alikuwa na macho, ila jani lilimshinda kwa mwanga. Mimi sikuwahi kuliona jani lile, nilikuwa namwona chura tu, kwa kuwa ndiye niliyemfuata topeni. Yule mama alinipa maoni bora kuliko niliyopewa mwaka ule mzima, na hakujua kama anakosoa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "huyo hawezi kupiga hata picha ya paka, ataniambia nini?", usimsikilize. Asiyejua kupika anajua chumvi ikizidi.

Sasa mkosoaji wako. Alisema mambo manne, na hayana uzito sawa.

Weupe kuungua, yaani manyoya kutoka peupe tupu bila mistari yake, ni kweli, na sababu yake inafaa kueleweka maana itakurudia kila utakapokutana na ndege mweupe. Kamera haijui kwamba yangeyange ni mweupe. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba vitu vyote vilivyomo kwenye fremu, vikichanganywa, vitatoa kijivu cha wastani. Nyuma ya ndege wako kuna miti yenye kivuli kizito iliyojaza zaidi ya nusu ya picha. Kamera ikaona giza, ikaongeza mwanga ili giza hilo liwe kijivu, na aliyeumia ni ndege. Angekuwa amejaza fremu nzima kosa lingegeuka, kamera ingeona weupe mwingi, ingepunguza mwanga, na manyoya yangetoka ya kijivu kama shuka iliyofuliwa vibaya. Dawa kwa mazingira kama yako ni kushusha mwanga wewe mwenyewe, hatua moja au zaidi (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), na kuiangalia histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonesha mwanga kuanzia giza kushoto hadi weupe kulia, isigonge ukuta wa kulia. Kompyuta haitakuokoa sana hapa. Kama ulihifadhi faili ghafi (RAW), ambalo kamera haijalichakata, unaweza kurudisha mistari kidogo ya manyoya, lakini kama ni JPEG, palipokwisha kuwa peupe tupu ukipunguza mwanga utapata kijivu tupu.

Mguu kukatwa nako ni kweli, hakuna mjadala.

Ndege kutokuwa na ukali, pia kweli. Ila aliposema lenzi ndiyo mbovu, hapo aliacha kuona akaanza kubahatisha, na hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi katika mikutano ya aina yenu. Kuona dalili ni kitu kimoja, kujua chanzo ni kingine. Kwenye picha za wanyama, kukosa ukali kuna vyanzo vingi, na kila kimoja kinaacha alama zake. Kama matawi yaliyotulia yako makali lakini bawa limevutika kuelekea upande mmoja, ni mnyama aliyesogea, na kinachotakiwa ni kuongeza kasi ya shata, mlango wa kamera unaofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Kwa ndege anayeruka watu wengi huanzia karibu na 1/2000 ya sekunde. Kama kila kitu kimevutika kuelekea upande uleule, mpaka mawe, basi mkono ndio uliotikisika. Kama hakuna kitu chochote kilicho kikali, kingo zote zinaonekana kama zinatetemeka, na fremu kumi zilizofuatana kila moja imeharibika kivyake, shuku hewa. Jua likishapasha ardhi, hewa ya moto huanza kucheza kati yako na mnyama, mazigazi yaleyale yanayofanya barabara ionekane ina maji, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayopenya hapo. Usogee karibu au urudi alfajiri.

Na kuna kile kilichokupata wewe. Tazama chini kushoto mwa picha yako: matete matatu yaliyo mbele ya ndege ni makali kiasi kwamba matone ya umande yanahesabika. Lenzi mbovu haiwezi kufanya hivyo. Fokasi ilidaka matete badala ya jicho, basi. Hukuniambia lenzi yako ina urefu gani, lakini chukulia ya milimita 600 iliyofunguliwa f/4, yaani tundu lake likiwa wazi sana, kwenye kamera yenye sensa kubwa (full frame), na ndege akiwa mita 10 kutoka ulipo: eneo lote linalotoka kali, mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 6. Mdomo wa yangeyange mkubwa peke yake ni mrefu kuliko hapo. Ukiteleza kidogo tu umempoteza. Kwa hiyo weka nukta moja ndogo ya fokasi juu ya jicho badala ya kuiachia kamera ichague, na pesa za lenzi zibaki mfukoni.

Unaona, basi, kwamba mtu mmoja anaweza kuwa sahihi mara tatu akakosea ya nne, na wewe ukatoka pale umebeba ile ya nne tu kwa sababu ndiyo iliyouma. Hao waliosema "safi sana" hawakukosea lolote. Hawakukupa chochote pia.

Hapo ndipo ninapokugeukia wewe na hiyo "nzuri" yako. Unadhani ni huruma. Kwa mwenye picha ni sawa na kubisha hodi akaitikiwa na ukimya. Amekuja kuazima macho yenu akarudishiwa adabu. Najua hutaki kuumiza, lakini kati ya "nzuri" na "kanunue lenzi" kuna uwanja mpana sana.

Mimi huanza kwa kueleza ninachokiona kabla ya kusema kama nakipenda, tena kwa sauti, kama ninayemsimulia mtu aliye kwenye simu. "Jicho langu linakwenda kwanza kwenye pembe za swala, linashuka usoni, halafu linavutwa na kile kijiti cheupe kulia, linakwama hapo." Sentensi kama hiyo haimhukumu mtu. Ni taarifa ya safari ya jicho langu, na mwenye picha hawezi kubishana nayo, maana jicho ni langu. Yeye ataamua kama alitaka nikwame pale. Mara nyingi utamsikia anashusha pumzi na kusema, "Hicho kijiti hata sikukiona."

Kisha huuliza alitaka nini. Swali hili limeniokoa na aibu nyingi. Mtu anaweza kuleta duma anayekimbia, miguu imekuwa ukungu, nyasi zimekuwa mistari, nawe ukakurupuka kusema haina ukali, kumbe amepiga kwa 1/30 ya sekunde makusudi huku kamera ikimfuata mnyama, na anachotaka kujua ni kama kichwa kimetulia vya kutosha. Usipouliza unaikosoa picha ambayo yeye hakuikusudia.

Nikishajua alichotaka, natoa pendekezo moja, na nasema ni la wakati gani. Hili la wakati watu hulisahau. Mstari wa maji ulioinama hunyooshwa kwenye kompyuta ndani ya dakika moja, kwa hiyo liseme upesi upite. Tawi linaloota kichwani mwa nyani lilihitaji mpiga picha asogee hatua mbili kushoto, na hilo linamfaa safari ijayo. Na kuna mambo yasiyo na dawa kabisa: mnyama aligeuka, jua lilikuwa utosini, ndiyo hali halisi. Ukimlaumu mtu kwa jua unampotezea muda wake na wako. Kwa anayeanza jambo moja linatosha. Anayetayarisha picha za mashindano mpe yote, ameyaomba.

Ule mtindo wa kusifu kwanza, ukatia kosa katikati, ukafunga kwa sifa nyingine, mimi siupendi. Watu wameuzoea. Ukianza tu na "rangi zimependeza", msikilizaji anakaza mbavu akisubiri "lakini". Sifa ikiwa ya kweli iseme kwa undani, kama unavyosema kosa: ni rangi ipi, imependeza kwa nini, inafanya nini kwenye picha. Mtu anahitaji kujua alichopatia ili akirudie, hasa kama alipatia kwa bahati.

Halafu tenganisha kosa na ladha. "Ndege angekaa pembeni, kanuni ya theluthi" ni maneno utakayoyasikia kila mwezi mpaka uzeeke, maana yake ugawe fremu mara tatu na uweke kitu kikuu kwenye mstari wa theluthi, si katikati. Kanuni hiyo iliandikwa Uingereza mwaka 1797 kwa ajili ya wachoraji wa mandhari, miaka kama 30 kabla ya picha ya kwanza ya kamera kudumu kwenye bamba. Ni ushauri mzuri wa kuanzia. Lakini bundi anayekutazama uso kwa uso akikaa katikati ya fremu ana kila haki. Ukitaka kusema jambo la ladha, sema "mimi ningekaribia zaidi", si "ulipaswa".

Kuna jambo moja ambalo hata mimi siweki laini. Picha za viumbe hai zina kiumbe hai ndani yake, na maoni yanamhusu yeye pia. Ndege mwenye chakula mdomoni aliyesimama tu tawini akikodolea kamera, picha baada ya picha, huenda anashindwa kwenda kiotani kwa sababu mpiga picha amekaa karibu mno. Kiota kinachoonekana waziwazi, majani pembeni yamekatwa freshi, kina makinda yaliyoachwa juani na mbele ya macho ya wawindaji. Ukiona hivyo uliza kwa upole lakini uliza mbele ya wote: "Ulikuwa umbali gani? Hayo majani yalikuwa hivyo?" Kuuliza picha ilipatikanaje si uchokozi. Mwaka 2009 picha ya mbwa mwitu wa Ulaya (wolf) akiruka lango usiku ilishinda Wildlife Photographer of the Year, mashindano makubwa ya London, na Januari 2010 ikavuliwa ushindi baada ya wapiga picha wengine wa Hispania kutilia shaka na majaji kuona kuwa kuna uwezekano mkubwa mnyama huyo alikuwa wa kufugwa. Mwenye picha alikana. Ninachotaka uone ni kwamba kiufundi haikuwa na dosari iliyozuia isishinde. Swali lilikuwa juu ya kitu kisichoonekana ndani ya fremu.

Turudi kwenye kupokea. Picha yako ikiwa ukutani, nyamaza. Usieleze kwamba mwanga ulikuwa mgumu, usiseme ulikuwa umechoka. Ukianza kueleza, watu wataacha kuitazama picha na kuanza kukuhurumia wewe. Andika kila kinachosemwa, hata cha kipuuzi, kwa maneno yaleyale, na ukifika nyumbani funga daftari. Kesho yake, kila dai lipeleke kwenye faili, lifungue kwa ukubwa wake halisi na uangalie kama lipo. "Hana ukali": kweli au si kweli? Kama kweli, ni alama zipi kati ya zile nilizokutajia? Watu watatu wasioambizana wakikwama mahali pamoja, hapo pana kitu, hata kama maelezo yao yanapingana. Mtu mmoja akisema jambo ambalo hulioni kabisa hata baada ya wiki, liache lipite.

Usiulize tena "mnaionaje?" Swali pana namna hiyo ndilo linalozaa "safi sana". Uliza unachotaka kujua: "Nilitaka samaki ndiye aonekane kwanza. Je, anaonekana?" Utashangaa watu wanavyoamka.

Pale ambapo maneno hayatoshi, tafuta mtu ana kwa ana. Ukimpata mpiga picha mzoefu akubali kukaa nawe saa moja mbele ya kompyuta, mpelekee mfululizo mzima wa asubuhi moja, mpaka zile mbovu. Picha moja teule haioneshi mazoea yako, mia mbili zinaonesha. Ukiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, ukalenga kitu kisichosogea, na kila mara ukali unaangukia mbele yake au nyuma yake, mpelekee fundi kamera na lenzi pamoja. Kuhusu viota na wanyama walio hatarini, waone wahifadhi wa eneo husika kabla hujafika na kamera. Na kama katika kikundi kuna mtu anayekusema wewe badala ya picha, zungumza na kiongozi wenu pembeni. Kuvumilia dharau si sehemu ya kujifunza.

Sasa yangeyange wako.

Jicho langu lilikwenda kwanza kwenye samaki. Amekingama mdomoni, mkia umejikunja, na jicho lake dogo la duara linang'aa kuliko kitu chochote kilicho karibu. Kutoka hapo nikafuata matone ya maji yanayoanguka kwa mstari hadi kwenye duara la wimbi chini. Safari hiyo ni nzuri sana, na nadhani ndiyo uliyoisubiri. Nikapanda tena kutafuta uso wa ndege, sikupata mahali pa kushika, jicho lake ni laini, na mgongo ulio mweupe tupu ukanisukumia nje kwa upande wa kushoto. Matete nikayaona mwisho. Mguu sikuuona kuwa umekatwa mpaka niliporudi kusoma barua yako, kwa hiyo mimi nisingeufanya kuwa jambo kubwa.

Pendekezo langu ni la uwanjani: inuka kiasi cha shubiri moja tu, matete yashuke chini ya mstari wa kifua cha ndege, nukta ya fokasi kwenye jicho, mwanga hatua moja na theluthi chini. Na swali langu ni hili: shingo ikishafyatuka, samaki humezwa kichwa kwanza, kwa hiyo lazima ndege alimgeuza. Uliendelea kubonyeza, au uliteremsha kamera ukaangalie kama umeipata?